MTOTO NAYE NI MWAMUZI

Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, nilimwita binti yangu mwenye umri wa miaka 13 sebuleni, nikamtaka aje na kitabu alichokuwa amekimaliza usiku uliotangulia. Kitabu chenyewe kilikuwa riwaya ya Kiingereza iitwayo The Machine Gunners, iliyoandikwa na Robert Westall na kutunukiwa Nishani ya Carnegie ya mwaka 1975. Mimi mwenyewe nilikuwa nimetangulia kuisoma, kwa kuwa inahusu vita, na mtu wa kazi yangu si rahisi akipite kitabu cha vita bila ya kukifungua.

Niliketi wima nikaanza kumwuliza. Kwa nini watoto wa kitabuni waliificha ile bunduki? Kwa nini hawakuipeleka polisi? Kwa nini mwandishi alitunga kisa kama hiki? Mafunzo yake ni yapi? Binti yangu alisimama mikono nyuma, macho sakafuni. Hatimaye akasema kwa sauti ndogo: "Kinatufunza tusichezee silaha, Baba."

Jibu lilikuwa sahihi, lakini halikuwa lake. Alinipa kile alichodhani nakitaka, kama kuruta anavyomjibu afisa anayemkagua mstarini. Nikamwambia aende akacheze, naye akatoka mbio kama mtu aliyefunguliwa mlango wa mahabusu. Kitabu alikiacha juu ya meza.

Ndugu msomaji, makala haya yametokana na kitabu kile kilichoachwa juu ya meza. Nilitaka kujua imekuwaje mtoto asome riwaya nzima kwa hiari yake, hata kukesha nayo, kisha aishiwe na maneno mbele ya baba yake. Nilipochunguza jinsi watu wengine wanavyozungumza na watoto juu ya riwaya zinazogombea tuzo, niligundua kuwa kosa halikuwa la mtoto wala la kitabu.

KANALI NA MAKTABA YAKE

Nishani niliyoitaja imepewa jina la Andrew Carnegie, na habari za ujana wa mtu huyo zafaa kujulikana na kila mzazi. Alizaliwa mwaka 1835 katika mji wa Dunfermline, Scotland. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo kwa mkono, na mashine zilipokuja kazi yake ikafa. Mwaka 1848 jamaa nzima ilihamia Marekani, ikakaa Allegheny, jirani na mji wa Pittsburgh. Kijana Andrew aliajiriwa katika kiwanda cha pamba kwa dola 1 na senti 20 kwa wiki, kisha akawa tarishi wa kupeleka simu za telegrafu mjini.

Katika mji ule aliishi mzee mmoja, Kanali James Anderson, aliyekuwa na vitabu vipatavyo 400. Kanali huyu aliifungua maktaba yake kila Jumamosi, ili vijana wa kazi waazime kitabu na kukirudisha juma lililofuata. Baadaye wasimamizi wa maktaba hiyo waliamua kuwa watakaosoma bure ni wale vijana waliokuwa katika mkataba wa kujifunza ufundi peke yao, na wengine wote walipe ada. Carnegie, ambaye hakuwa na mkataba wa namna hiyo, aliandika barua gazetini kuupinga uamuzi huo na kueleza hoja zake. Wakubwa walizisoma hoja za tarishi, wakaziona nzito, na mlango ukafunguliwa tena.

Kijana huyo ndiye aliyekuja kuwa tajiri mkubwa wa chuma cha pua. Yako mengi ya kumlaumu kama mwajiri, na wafanyakazi wa kiwanda chake cha Homestead waliogoma mwaka 1892 waliyaonja. Hata hivyo deni la Kanali Anderson hakulisahau. Kabla ya kufariki mwaka 1919 alitoa fedha zilizojenga maktaba zaidi ya 2,500 katika nchi mbalimbali. Mwaka 1936 Chama cha Wakutubi cha Uingereza kilianzisha nishani kwa jina lake, itolewe kila mwaka kwa kitabu bora cha watoto. Mtu wa kwanza kuipata alikuwa Arthur Ransome, kwa riwaya yake iitwayo Pigeon Post.

Nimeieleza habari hii kwa kirefu kwa sababu moja. Mwanzoni mwa nishani hii, kabla ya fedha na sherehe, yuko kijana maskini aliyetoa hoja mbele ya watu wazima, nao wakamsikiliza. Tuliweke jambo hilo moyoni tunapoendelea.

MAKUNDI YA KIVULI

Utaratibu wa Nishani ya Carnegie ni kama ifuatavyo. Vitabu hupendekezwa kwanza, kisha hutolewa orodha ndefu, na baadaye orodha fupi. Waamuzi ni wakutubi, watu ambao kazi yao ya kila siku ni kuwapa watoto vitabu. Hukisoma kila kitabu zaidi ya mara moja, wakipima muundo wa kisa, wahusika na mtindo wa lugha, na mshindi hutangazwa mwezi Juni.

Lakini tangu miaka ya 1990 kumekuwapo jambo jingine kando ya jopo hilo. Katika shule na maktaba za Uingereza, na hata katika nchi nyingine, watoto hukusanyika katika makundi wakasoma vitabu vile vile vya orodha fupi, katika majuma yale yale ambayo waamuzi wanavisoma. Huvijadili kwa vipimo vile vile, wakaandika maoni yao, na kila kundi likamchagua mshindi wake. Kwa kuwa watoto hao huwafuata waamuzi hatua kwa hatua, kazi yao imepewa jina la kufuata kama kivuli. Mwishoni watoto wote hungoja kusikia kama wakubwa wameafikiana nao.

Aghalabu hawaafikiani. Katika miaka ya hivi karibuni kura za watoto zimekuwa zikihesabiwa na kupewa tuzo yao rasmi, na matokeo yake ni somo tosha. Mwaka 2023 waamuzi waliichagua The Blue Book of Nebo ya Manon Steffan Ros, riwaya iliyoandikwa kwanza kwa Kiwelisi, ambayo ni ya kwanza ya tafsiri kupata nishani hiyo tangu ianzishwe. Ni kisa cha mama na mwanawe waliosalia kijijini baada ya maangamizi ya nyuklia, wakawa wanaandika kwa zamu katika daftari moja, kila mmoja bila ya kusoma maandishi ya mwenzake. Watoto kwa upande wao waliichagua I Must Betray You ya Ruta Sepetys, kisa cha kijana wa miaka 17 wa mji wa Bucharest, Rumania, ambaye mwaka 1989 alilazimishwa na polisi wa siri kuwapeleleza watu wake mwenyewe.

Mwaka 2024 mambo yalikuwa yale yale. Waamuzi walimchagua Joseph Coelho kwa The Boy Lost in the Maze. Watoto walimchagua Tia Fisher kwa Crossing the Line, habari ya mvulana anayenaswa na wauza dawa za kulevya na kufanywa mbebaji wao.

Nani alikuwa na haki? Swali hilo lilinisumbua hadi nilipotambua kuwa halina maana. Wakutubi walipima kwa miaka yao mingi ya kusoma. Watoto walipima kwa hofu na matumaini ya umri wao. Mtu wa miaka 14 anajua kuliko mimi jinsi inavyokuwa kulazimishwa na mtu mkubwa kumgeuka rafiki. Taarifa yake juu ya jambo hilo ni taarifa ya mtu aliyeko mstari wa mbele, na afisa yeyote mwenye akili hufahamu thamani ya taarifa ya namna hiyo.

ORODHA NI KAZI YA WATU

Lipo jambo la pili ambalo mzazi na mwalimu hawana budi kulitambua. Orodha ya tuzo hutungwa na wanadamu, na wanadamu huwa na macho yanayoona upande mmoja. Mwaka 2017 orodha ndefu ya Carnegie ilipotoka ilikuwa na vitabu 20, na hakuna hata kimoja kilichoandikwa na mwandishi asiye Mzungu. Malalamiko yalikuwa makubwa, uchunguzi ukafanywa, na taratibu zikarekebishwa. Mwaka 2019 Elizabeth Acevedo aliipata nishani kwa The Poet X, naye akawa mwandishi wa kwanza asiye Mzungu kuipata. Hesabu mwenyewe miaka iliyopita tangu 1936.

Hata vitabu vilivyoshinda vimewagawa watu. Mwaka 2014 nishani ilitolewa kwa The Bunker Diary ya Kevin Brooks, kisa cha kijana aliyetekwa na kufungiwa chini ya ardhi pamoja na wenzake, na hakuna mkombozi anayetokea hadi ukurasa wa mwisho. Wakubwa wengi waliwaka gazetini. Wengine walisema mtoto hastahili kupewa kitabu kisicho na tumaini, wengine wakasema mtoto hastahili kudanganywa. Hata kile cha Westall kililaumiwa kwa matusi yaliyomo vinywani mwa watoto wake.

Na vipo vile ambavyo msomaji wa Kiafrika angevisoma kwa jicho jingine kabisa. Beverley Naidoo, mzaliwa wa Johannesburg, aliona kitabu chake Journey to Jo'burg cha mwaka 1985 kikipigwa marufuku nchini mwake hadi mwaka 1991. Nishani ya Carnegie ya mwaka 2000 alipewa kwa The Other Side of Truth, riwaya ya watoto wawili wa mwandishi wa habari wa Lagos, ambao mama yao anauawa kwa risasi nao wakatoroshwa hadi London. Mtoto wa Kiingereza husoma hapo habari za wageni waliofika kwake. Mtoto wa huku kwetu ambaye jirani yake ni mkimbizi atauliza maswali mengine, na maswali hayo huenda hata waamuzi hawakuyawaza.

Kwa hiyo tunapompa mtoto kitabu kilichopendekezwa kwa tuzo, tusimwambie kuwa ni kizuri kwa kuwa kimependekezwa. Tumwambie kuwa watu wazima kadhaa, waliosoma sana, wamekiona ni kizuri, na kwamba tunataka kusikia yeye ameonaje. Hizo ni kauli mbili tofauti. Ya kwanza inafunga mjadala, ya pili inaufungua.

NENO "NIAMBIE"

Narudi sasa kwenye kosa langu la Jumapili. Aidan Chambers, mwandishi wa Kiingereza aliyewahi kuwa mwalimu, alitoa mwaka 1993 kitabu kiitwacho Tell Me, yaani "Niambie", kuhusu kuzungumza na watoto juu ya walichosoma. Huyu si mtu wa nadharia peke yake, kwani Nishani ya Carnegie ya mwaka 1999 aliipata yeye kwa Postcards from No Man's Land, riwaya inayohusu vita vya Arnhem vya Septemba 1944 na kijana anayekwenda Uholanzi nusu karne baadaye kufuata nyayo za babu yake aliyepigana huko.

Chambers aliona kuwa swali la "kwa nini", likitoka kwa mtu mzima kwenda kwa mtoto, lina sauti ya mahojiano. Humfanya mtoto atafute kujitetea au kukisia jibu linalotakiwa. Isitoshe, ni swali kubwa mno, halina mahali pa kulishika. Badala yake alishauri mwalimu aseme "niambie", kisha atoe maswali manne mepesi. Ni kitu gani ulichokipenda? Ni kitu gani hukukipenda? Ni kitu gani kilichokutatiza? Je, uliona mambo yanayojirudia au yanayohusiana? Mtoto yeyote, hata aliye mzito wa kusoma, ana la kusema juu ya mojawapo ya hayo, na kutoka hapo mazungumzo huchimba yenyewe hadi kwenye kina.

Nilipolisoma hilo niliona haya. Katika chuo cha maafisa wanafunzi tulifunzwa tofauti kati ya kumhoji mtu na kupokea taarifa yake. Askari wa doria anaporudi, humwulizi kwanza kwa nini adui yuko pale. Humwambia akueleze alichokiona, mahali gani na saa ngapi, na wewe unanyamaza ukisikiliza. Fikra huja baadaye, nyote wawili mkiinama juu ya ramani moja. Nilikuwa nikiyafanya hayo kazini kila siku, nikayasahau kwenye kiti cha nyumbani kwangu.

Mwongozo wa pili uliotumiwa na wengi uliandikwa mwaka 1989 na Ginny Moore Kruse na Kathleen Horning, wa kituo cha vitabu vya watoto cha Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Ulikusudiwa watu wazima wanaojadili vitabu vya watoto, lakini wapo wanaouongoza nao mjadala wa watoto wenyewe. Masharti yake ni machache. Kitabu kitazamwe kwa kile kilicho, kisilaumiwe kwa kile ambacho hakikukusudia kuwa. Mema yasemwe kwanza na kila mwenye nia ya kusema, ndipo upungufu uletwe. Watu wasipoteze wakati kusimulia upya kisa ambacho wote wamekisoma, wala wasikimbilie kusimulia habari zao za nyumbani. Kitabu kilinganishwe na vingine vilivyomo katika orodha ya siku hiyo, si na vitabu vyote duniani. Na la mwisho, ambalo kwa maoni yangu ndilo gumu kuliko yote, kila mtu amjibu mwenzake kwa alichosema, asikae akingoja tu zamu yake ya kunena.

Sharti la kuanza na mema lina hekima kubwa. Aliyeanza kwa kukiponda kitabu huwafunga midomo wale waliokipenda, hasa wadogo na wapole. Lakini aliyekwisha kusikia uzuri wa kitabu kutoka kwa mwenzake hulazimika kuleta ushahidi anapokipinga. Ni lazima aseme ni ukurasa upi, ni mhusika yupi, ni neno gani. Hapo ndipo kusoma kunapogeuka kuwa hukumu yenye sababu.

KWETU LINAWEZEKANA

Baadhi ya wasomaji watasema kuwa hayo ni mambo ya nchi zenye maktaba kila mtaa. Sikubaliani nao. Tuzo za vitabu vya vijana si ngeni katika upande huu wa Afrika. Tuzo ya Burt, iliyoendeshwa na shirika la CODE la Kanada, ilitolewa kwa miaka kadhaa katika Tanzania, Kenya, Ethiopia na Ghana, na vitabu vilivyoshinda vilinunuliwa na kupelekwa shuleni na maktabani. Nchini Kenya, Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta ina mafungu ya vitabu vya watoto na vya vijana, vya Kiswahili na vya Kiingereza. Vitabu vipo. Kinachopungua ni yule mtu mzima anayeketi chini na watoto baada ya kitabu kusomwa.

Upungufu wa nakala nao una dawa. Pale penye nakala moja, kitabu kisomwe kwa sauti, sura moja kwa siku, wasomaji wakipokezana. Robert Westall mwenyewe, aliyekuwa mtoto kaskazini mashariki mwa Uingereza wakati wa vita, alikiandika The Machine Gunners ili mwanawe wa miaka 12 ajue jinsi baba yake alivyoishi alipokuwa na umri kama huo, naye alimsomea kwa sauti. Kitabu kilichokuja kupata nishani kilianzia hapo, mtu mzima mmoja na msikilizaji mmoja. Watoto wetu nao wamelelewa katika hadithi za jioni, hawahitaji kufundishwa kusikiliza.

Mwalimu anayetaka kujaribu na achague vitabu vitatu au vinne tu vilivyopendekezwa kwa tuzo yoyote. Awape watoto majuma sita. Waketi kwa duara, si kwa safu, na mwalimu asikae mbele. Kila mtoto aseme alichokipenda kabla ya yeyote kusema asichokipenda. Mwalimu aandike ubaoni maneno ya watoto kama walivyoyasema, asiyasahihishe. Mwisho wapige kura ya siri, na maoni ya mwalimu yasikike baada ya kura, siyo kabla. Baadaye watoto wasomewe uamuzi wa jopo la wakubwa, wawe huru kuukubali au kuukataa kwa hoja. Gharama ya haya yote ni chaki na uvumilivu.

Wapo pia watakaosema kuwa njia hii itawafanya watoto wawe wabishi. Wazee wetu walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na ni kweli. Lakini mtoto aliyezoezwa kunena yale tu ambayo mkubwa anapenda kuyasikia hawi mtiifu, anakuwa mnyamavu. Hao si watu wa namna moja. Mtiifu hutekeleza amri halali na kukujulisha hatari aliyoiona. Mnyamavu humfuata yeyote mwenye sauti kubwa zaidi, hata anapoelekezwa shimoni.

KITABU JUU YA MEZA

Majuma mawili baada ya Jumapili ile nilijaribu tena. Safari hii sikumwita sebuleni. Nilimkuta barazani akichambua mchele pamoja na mama yake, nikaketi kwenye kigoda, nikavuta sinia nami nikaanza kuchambua. Nikasema: "Niambie habari za Chas na wenzake. Mimi kuna mahali paliponitatiza."

Kwa msomaji ambaye hajakisoma kitabu hicho, nitaeleza kwa ufupi. Ni wakati wa vita, mwaka 1941, katika mji uliobuniwa uitwao Garmouth. Chas McGill, mvulana anayekusanya masalio ya vita, anaikuta ndege ya Kijerumani iliyoanguka kichakani, na bunduki yake ya rashasha ikiwa bado mahali pake. Yeye na wenzake wanaichukua, wanaificha, wanajenga ngome, wanaweka zamu za ulinzi. Kisha wanamteka askari wa Kijerumani aitwaye Rudi. Karibu na mwisho wanawafyatulia risasi askari wa Kipolandi, ambao ni washirika wa Waingereza, wakidhani kuwa ni Wajerumani.

Binti yangu alinyamaza kidogo, halafu akaanza kusema, na hakukoma hadi mchele ulipokwisha. Alisema alichokipenda zaidi ni Rudi, kwa sababu watoto walimteka wakiwa wanamchukia, lakini walipokwisha kumlisha na kumwona akiumwa hawakuweza kumchukia tena. Hakupenda jinsi mwisho ulivyoharakishwa. Akasema mwandishi ni kama aliyechoka. Hapo nilimpinga, tukabishana, akaenda kukileta kitabu, akanionyesha kurasa. Sikubadili msimamo wangu, wala yeye hakubadili wake, ila nilitambua kuwa amekisoma kwa makini kuliko mimi.

Kisha akasema kuhusu bunduki. Kwa maoni yake watoto wale hawakuificha kwa utundu. Mabomu yalikuwa yakianguka juu ya nyumba zao kila usiku, na hakuna mkubwa aliyewaambia lolote la kweli wala kuwauliza wanaogopa nini. "Walikuwa na zamu na walinzi na amri, Baba, kila kitu kama kwenu. Walichokosa ni mtu wa kuwasikiliza."

Nilidhani amemaliza. Lakini aliinua uso kutoka kwenye sinia, akasema: "Chas aliiokota bunduki mwenyewe. Wale kadogo walipewa na nani?"

Katika nchi hizi za Maziwa Makuu hakuna anayehitaji kufafanuliwa neno hilo. Ndivyo walivyoitwa watoto waliobebeshwa silaha katika vita vya Kongo vya mwaka 1996 na 1997, na katika vita vingine kabla na baada ya hapo. Ulimwengu umeandika sheria juu yao, na itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 inazitaka nchi zihakikishe kuwa askari wao walio chini ya miaka 18 hawashiriki moja kwa moja katika mapigano. Kazi yangu ni kuwajibu waandishi wa habari, na majibu ya swali kama hilo ninayo tayari, yamepangwa vizuri. Sikuyatumia.

Nilimwambia: "Walipewa na watu wazima."

Akaniuliza: "Na wao walikataa?"

Nikamwambia kuwa wengi wao hawakuwahi kuulizwa. Alifikiri, akaendelea kuchambua. Baadaye alisema kuwa ingefaa kiandikwe kitabu kuhusu hao, kizuri kama kile cha Westall, kwa Kiswahili, na kwamba yeye angekipa nishani iwapo mwisho wake hautaharakishwa.

Ndugu mzazi, ndugu mwalimu, hilo ndilo swali ambalo karibu nilizime kwa "kwa nini" zangu tatu. Mtoto alikuwa nalo tangu siku ya kwanza, nyuma ya jibu lile fupi la kuniridhisha. Vitabu vya tuzo vina kazi nyingi, na mojawapo ni kumpa mtoto mahali salama pa kulishika jambo zito, alipime, alihukumu, kabla maisha hayajamtaka alihukumu kwa haraka. Lakini kitabu peke yake hakitoshi. Panatakiwa mtu mzima atakayeketi chini, aseme "niambie", kisha afunge mdomo wake asikilize.

Kanali Anderson aliufungua mlango wa maktaba yake kila Jumamosi. Sisi ambao hatuna vitabu 400 tunaweza angalau kuanza na kimoja.